Uliza Mwalimu: "Vyuma vilipishana mikononi mwangu mwenyewe"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake huku Iramba, Singida. Tumeweka akiba kwa miaka mitatu ili tuchimbe kisima cha ringi, na sasa tunazo shilingi 4,200,000. Mwenyekiti wetu ameleta mzee anayetafuta maji kwa vyuma viwili vilivyokunjwa kama herufi L. Anataka laki tatu za kutuonyesha mahali, kabla jembe halijagusa ardhi. Nilipoonyesha wasiwasi alinipa vyuma nishike mwenyewe. Nilipokaribia mkuyu ulio bondeni vikapishana mikononi mwangu. Sikuvigeuza, naapa. Wenzangu wananiuliza nataka ushahidi gani tena. Sayansi inasemaje? – Mweka hazina, Iramba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na kiapo chako: nakuamini. Najua ulichohisi kwa sababu nami nimekihisi. Nilikuwa kidato cha tano, nimerudi nyumbani likizo, na mjomba wangu ndiye aliyekuwa mtafuta maji wa kijiji chetu. Alikuwa na vyuma vya shaba alivyovichomeka ndani ya mabomba ya kalamu za Bic ili vizunguke bila kukwama. Akanipa, akaniambia nitembee polepole, viwiko karibu na mbavu. Hatua ya kumi na kitu, vyuma vikasogeleana na kupishana, kwa nguvu, kama vinavutwa na mtu. Nywele zilinisimama. Usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wa fizikia na hakuna nguvu yoyote niliyofundishwa ambayo ingefanya vile.

Mjomba hakuwa tapeli. Hakudai hata senti, akipewa kuku alishukuru. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani ukiuliza swali kuhusu vyuma umemwita mzee mwongo. Mzee wenu huenda anaamini kila neno analosema. Swali letu ni jingine: vyuma vinasogezwa na nini?

Chukua vyuma hivyo uvitazame vizuri. Chuma kilichokunjwa hivyo kinakaa kwenye ngumi yako kama mlango uliofungwa bawaba kwenye fremu isiyonyooka. Fremu ikiinama kidogo tu, mlango unakimbia wenyewe. Kwa hiyo mkono ukilala ndani kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho wewe mwenyewe huwezi kukihisi, ncha ya chuma inasafiri sentimita ishirini. Na misuli ya mkono husogea bila kukuomba ruhusa pale akili inapotazamia jambo. Uliuona mkuyu. Kila mtu wa Singida anajua mkuyu hupenda penye maji. Akili yako ilishafika kwenye maji kabla ya miguu.

Jambo hili lilipimwa zamani sana. Mfaransa mmoja mkemia, Michel Eugène Chevreul, alikuwa na pete ya chuma iliyoning'inia kwenye uzi, nayo ilibembea kila alipoishika juu ya zebaki. Akajifunga kitambaa machoni, msaidizi akawa anaweka na kuondoa kioo kati ya pete na zebaki bila yeye kujua. Kubembea kukaisha. Aliyaandika hayo mwaka 1833. Miaka 20 baadaye, London, watu walikuwa wakikaa kuizunguka meza, wanaweka viganja juu yake, na meza inazunguka. Wengine wakasema ni roho, wengine umeme. Michael Faraday, yule yule wa somo la umeme na sumaku, hakumcheka mtu. Alitandaza karatasi ngumu juu ya meza, tabaka kwa tabaka, akazishikiza kwa gundi laini inayoruhusu kuteleza kidogo. Kama meza ndiyo inayovuta mikono, karatasi za chini zitatangulia. Kama mikono ndiyo inayosukuma meza, za juu zitatangulia. Zilitangulia za juu. Kisha akafunga kijiti kinachoonyesha mikono inaposukuma upande, akawaacha watu wakitazame. Meza haikusogea tena. Watu wale walikuwa waaminifu, wengine wenye heshima zao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anasukuma.

Ndiyo maana ushahidi wa "nimeshika mwenyewe" hautoshi, ingawa ndio unaotuingia sana. Unathibitisha kwamba vyuma vilisogea. Hauthibitishi kwamba maji ndiyo yaliyovisogeza.

Sasa utasema: Mwalimu, lakini wanapata maji kweli. Ndiyo, mara nyingi wanapata. Kwenye bonde lenye mikuyu, udongo mweusi na majani yanayobaki mabichi hadi Agosti, mzee aliyeishi hapo miaka 60 atachagua mahali pazuri hata ukimnyang'anya vyuma. Na ndani ya bonde hilo, ukihama mita 30 kutoka alipoonyesha, huenda ungepata maji vilevile. Tembeeni na daftari. Andikeni kila kisima cha jirani kilichoonyeshwa kwa vyuma, kilichotoa na kilichokauka. Halafu mwandike kila kisima kilichochimbwa bila vyuma kwenye bonde lile lile. Watu wanakikumbuka kisima kilichotoa maji, kina jina na wanawake wanakwenda kila asubuhi. Kikavu kinafukiwa, na baada ya mvua mbili hakuna anayejua kilikuwa wapi.

Mimi ninakijua kimoja. Kilionyeshwa na mjomba. Vijana walichimba kwa mikono hadi mita 27, wakagonga mwamba wa graniti mkavu kama sahani. Akina mama wa kikundi walikuwa wameuza mbuzi ili kulipa vijana hao. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hilo ndilo lililonifanya nimwombe mjomba tufanye jaribio, na nakueleza jinsi tulivyofanya ili nanyi mfanye.

Tulichukua ndoo mbili za lita 20 zinazofanana, zenye vifuniko. Moja maji, moja mchanga mkavu. Kwanza tukaziweka wazi, mjomba akiona ipi ni ipi, akapita juu yake. Vyuma vilipishana kwenye maji kila mara. Hatua hii msiiruke hata kidogo. Ndiyo inayomfanya mtafuta maji mwenyewe akiri kwamba ndoo zinafaa, jua linafaa, na hakuna kitu kinachomzuia. Mjomba alisema mbele ya watu: "Hapa naweza."

Kisha tukajigawa. Binamu yangu alikaa nyuma ya ua na sarafu. Sarafu ikianguka upande wa kichwa analeta ndoo ya maji, ikianguka upande mwingine analeta ya mchanga, anaifunika kwa karai, anaandika kwenye karatasi yake, anaondoka kupitia mlango wa jikoni. Ndipo mimi namleta mjomba. Mimi sikujua iliyopo, kwa sababu anayejua huonyesha kwa uso au kwa pumzi bila kutaka. Mjomba anapita, anasema "maji" au "mchanga", naandika. Mara 20. Jioni tukalinganisha karatasi mbili mezani, taa ya chemli katikati.

Alipata 11 kati ya 20. Akaomba turudie kesho yake asubuhi kabla ya jua kali, tukarudia. Akapata 9.

Nakumbuka alivyochukua karatasi ya binamu na kuisoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Hakukasirika. Alisema labda maji yaliyokaa kwenye ndoo yamekufa, si kama yale yanayotembea chini. Nikamjibu kwamba jana yalikuwa hai alipoyaona. Hakusema kitu. Aliendelea kutafuta maji hadi alipofariki, lakini sikumsikia tena akimwambia mtu auze mbuzi.

Kuhusu hoja ya maji yanayotembea, wengine wameishughulikia vizuri kuliko mimi na ndoo zangu. Mwaka 1990 mjini Kassel, Ujerumani, walizika mabomba ya plastiki sentimita 50 chini ya uwanja tambarare, wakaweka alama juu kuonyesha yalipo, na maji yakawa yanafunguliwa na kufungwa. Watafuta maji wapatao 30 walitakiwa kusema tu: yanapita au hayapiti. Wote walisaini kwamba jaribio ni la haki na kwamba wanatarajia kupata zote. Matokeo yalikuwa sawa na ya mtu anayebahatisha.

Kuna jaribio moja linalotajwa sana na wanaotetea vyuma, nami sitalificha. Lilifanywa karibu na Munich mwaka 1987 na 1988, ndani ya ghala la ghorofa. Kati ya watu zaidi ya 500 walichaguliwa 43 walio bora, wakafanya majaribio 843: bomba la maji linahamishwa chini, mtafuta maji yuko juu kwenye mstari wa mita 10. Waliolifanya walisema wachache walionyesha uwezo wa kweli. Mwaka 1999 mwanasayansi Jim Enright alizichambua takwimu zile zile. Akaonyesha kwamba yule bora kabisa, kwa wastani, alimshinda kwa milimita 4 mtu ambaye angesimama katikati ya mstari kila mara na kusema "hapa". Milimita 4 ndani ya mita 10. Kisima chenu kitakuwa na upana wa zaidi ya mita moja.

Basi fanyeni hivi. Mwiteni mzee, mpeni kiti na chai, mwelezeni jaribio kwa heshima, akubali mwenyewe kila kipengele kabla ya kuanza. Kubalianeni pia alama ya kufaulu. Mimi ningeweka 17 kati ya 20, maana anayebahatisha hufika huko chini ya mara 2 katika majaribio 1,000. Akifika, mlipeni laki tatu zake, na niandikieni siku hiyo hiyo, nitapanda basi nije nione. Asipofika, mpeni nauli na shukrani.

Hizo laki tatu zina kazi nyingine. Nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani, na ofisi ya maji ya Bonde la Kati pale Singida mjini, mwulize kumbukumbu za visima vilivyochimbwa karibu nanyi: kina chake, maji yalitoka kiasi gani, vingapi vilikauka. Mkimpata mpimaji wa ukinzani wa umeme, atapigilia vyuma vinne ardhini na kupitisha mkondo, apime mwamba uliooza unaoweza kubeba maji uko kina gani. Naye hukosea. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi humdanganya. Lakini kipimo chake kina namba, namba zimeandikwa, na kisima kikikauka unaweza kurudi ukaona alipokosea.

Na maji yakipatikana, pimeni floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kabla watoto hawajaanza kuyanywa. Singida inajulikana kwa hilo, kama Arusha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna chuma kitakachopishana kukuonya kuhusu meno ya mwanao.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Huku Tabora tuko vijana sita tunaotafuta mali za Mjerumani. Kuna jamaa anatuuzia mashine kwa milioni sita. Ina mshikio na antena inayogeuka yenyewe kuelekea dhahabu, hata ikiwa mbali kilomita moja. Haina betri, inatumia umeme wa mwili. Tumeiona ikigeuka. Tununue? – Kijana wa Tabora

JIBU: Salama, kijana wangu. Msinunue.

Hadithi yenu ina mbegu ya kweli. Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo hapo hapo Tabora, kwenye karakana ya reli. Kwamba sarafu zilikuwepo ni kweli. Kwamba zimezikwa mahali zinakungoja, hilo ni dai jingine, na kwamba antena inazijua ni dai la tatu. Muuzaji anakupa la kwanza ili uyameze mawili yaliyobaki.

Mashine isiyo na betri, inayogeukia kitu kilicho mbali, inayotumia umeme wa mwili: ulimwengu umeshaiona na imeua watu. Iliitwa ADE 651. Mwingereza Jim McCormick aliiuza Irak hadi dola 40,000 moja, akidai inanusa mabomu, dawa za kulevya, hata pembe za ndovu. Kifaa alichoanza nacho kilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea, bei yake haifiki dola 20. Watafiti wa Cambridge walipopasua kadi iliyosemwa inatambua mabomu, walikuta kibandiko kama kile cha dukani cha kuzuia wizi wa nguo. Askari wa Baghdad walisimama nayo kwenye vituo vya ukaguzi, antena ikigeuka kwa mikono yao kama vyuma vya mjomba wangu. Tarehe 25 Oktoba 2009 mabomu ya magari yaliua zaidi ya watu 150 ndani ya jiji hilo. McCormick alifungwa miaka 10 mwaka 2013.

Kila ninaposoma habari hizo nawafikiria wale askari. Waliiona ikigeuka, kama ninyi.

Mwambieni muuzaji hivi: azimeni pete ya dhahabu, sufuria kumi zipangwe uwanjani mita tano tano, mmoja wenu aifiche chini ya sufuria iliyochaguliwa kwa karatasi ya kura na kuondoka kabisa, ndipo mashine iletwe. Mara kumi. Mashine inayonusa kilomita moja haitashindwa na mita tano. Akisema haifanyi kazi penye watu wenye mashaka, mwulizeni kwa nini ilifanya kazi alipokuwa anawauzia. Na mjue kwamba kipima madini cha kweli kipo. Kina betri na duara la waya, kinaona kwa kina cha sentimita kadhaa hadi kama mita moja, na kitalia kwa msumari na kifuniko cha soda kama kitakavyolia kwa dhahabu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naona kila mwezi unakataa mambo ya ajabu. Je, si kiburi? Erasto Mpemba naye alichekwa na mwalimu wake. – Mwanafunzi, kidato cha nne, Iringa

JIBU: Marahaba. Umeuliza swali ambalo kila mwalimu wa fizikia wa nchi hii anapaswa kuulizwa, nami nilishalibeba darasani nikiwa na hofu ya kuwa yule mwalimu.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Akawahi, akaweka mchanganyiko wake ukiwa bado moto, nao ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa moto. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa Mkwawa huko kwenu Iringa, mwalimu wake alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza tena, darasa likacheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli maji ya moto yameganda kabla ya yale ya baridi, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Sentensi hiyo ya fundi naiogopa kuliko kicheko cha darasa zima. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao pamoja.

Tofauti ya Mpemba na muuzaji wa antena ni kwamba Mpemba alikuwa akiwaomba watu wampime. Aliuliza, akajaribu tena, akauliza kwa mtu mwingine. Na upimaji bado unaendelea, ingawa ni wetu na tunampenda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa makini, hawakuuona mwujiza huo, na wakaonyesha kwamba ukihamisha kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata au kupoteza jibu la Mpemba. Wengine bado wanabishana nao.

Shule yenu ina friza? Chukua vikombe viwili vya aina moja, maji ya ujazo mmoja, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 80. Viweke kwenye kipande cha ubao, visigusane na barafu ya chini, maana barafu ikiyeyuka chini ya kikombe cha moto kitagusa chuma na kupoa haraka kwa sababu nyingine kabisa. Funga vipimajoto kwa uzi kwenye kijiti ili vikae kina kimoja. Amua kabla ya kuanza utaita nini "kuganda": barafu ya kwanza, au kikombe kizima. Rudia mara kumi ukibadilishana nafasi za vikombe, na unitumie karatasi zote kumi, pamoja na zile ambazo hazikutoka ulivyotaka.